Badia Masabni: Mwanamke Aliyewalea Nyota wa Misri

Wapenzi wa muziki wa Kiarabu hapa pwani yetu hawahitaji kuelezwa Farid al-Atrash alikuwa nani. Wala hawahitaji kujulishwa kwa Samia Gamal, Tahia Carioca au yule mchekeshaji mwenye mdomo mpana, Ismail Yassin. Wazee wetu waliwaona katika filamu za Kimisri zilizopendwa sana pwani na Unguja katika miaka ya 1950, na waliwasikia katika santuri na redio hata nyimbo zao zikawa kama nyimbo za nyumbani. Lakini ni wachache wanaojua ya kuwa wote hao wanne waliwahi kupita katika mlango mmoja, nao ni mlango wa klabu ya usiku ya mwanamke aliyeitwa Badia Masabni.

Leo nataka kumweleza mwanamke huyo. Najua wapo watakaouliza kuna faida gani kumwandika mwenye klabu, mahali palipouzwa pombe na wanawake wakacheza mbele ya wanaume wasiowahusu. Swali hilo ni la haki, nami sitalikwepa. Siandiki kuipamba pombe, wala sitaki binti wa mtu aige yaliyotendeka huko. Naandika kwa sababu matunda ya mti ule tumeyala miaka mingi, katika harusi zetu na barazani petu, na si uungwana kula tunda huku ukimtukana aliyepanda.

UTOTO WA MASHAKA

Badia alizaliwa Damascus, katika nchi ya Sham, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Jina la ukoo wake, Masabni, latokana na kazi ya sabuni, na baba yake alikuwa na kiwanda cha sabuni. Kiwanda hicho kilishika moto, mali ikateketea, na baada ya muda si mrefu baba akafariki. Mama akabaki na watoto na umaskini.

Halafu likaja jambo zito zaidi. Akiwa mtoto wa kama miaka saba tu, Badia alitendewa unyama na mtu mzima. Habari zikaenea, na kama ilivyo desturi mbaya ya mahali pengi, aibu ikamwangukia mtoto badala ya kumwangukia aliyemdhulumu. Watu wakamnyoshea kidole. Mama yake akaona hapakaliki, akawachukua watoto wake wakavuka bahari mpaka Argentina, Amerika ya Kusini, ambako Waarabu wengi wa Sham walikuwa wakihamia wakati ule kutafuta riziki.

Huko ndiko Badia alikojifunza Kihispania, na ndiko alikoonja kwa mara ya kwanza mambo ya jukwaa, nyimbo na dansi. Familia iliporudi Sham alikuwa msichana mkubwa, lakini maneno ya watu yalikuwa hayajafa. Yalimngoja palepale alipoyaacha. Akaona kwamba kwao hapatakuwa na ndoa ya heshima wala maisha ya utulivu, akashika njia ya Misri.

Naomba msomaji aikumbuke sehemu hii ya maisha yake tunapoendelea. Binti huyu hakuitupa heshima yake kwa kupenda anasa. Alinyang'anywa angali mtoto, kisha akaambiwa hana.

MTAA WA EMAD EL-DIN

Kairo ya wakati ule ilikuwa mji wa michezo. Mtaa wa Emad el-Din, katikati ya mji, ulijaa majumba ya thieta, sinema na mikahawa, na usiku taa zake zilivuta watu kama kumbikumbi. Hapo ndipo alipoimba Munira al-Mahdiyya, na hapo ndipo walipoigiza Ali al-Kassar na Naguib al-Rihani. Rihani alijipatia jina kwa kuigiza mtu aliyemwita Kishkish Bey, mzee wa kijiji ambaye kila akiuza pamba yake huja mjini na kuzimaliza pesa kwa wanawake. Watu walicheka mpaka machozi, kwa sababu akina Kishkish walikuwa wamekaa mle mle ukumbini.

Badia alianza katika kundi la mwigizaji Georges Abyad. Baadaye alirudi Sham akiimba na kucheza, na huko ndiko alikokutana na Rihani aliyekuwa safarini na kundi lake. Akamfuata Misri, akawa mwigizaji wake mkubwa, na katika miaka ya 1920 wakaoana. Ndoa yenyewe haikukaa. Wote wawili walikuwa wakubwa wa jukwaa, na nyumba moja haikuwatosha.

Walipotengana, watu walidhani kwamba Badia amekwisha. Mwanamke mgeni, hana mume wala ukoo wa kumtetea katika mji ule, angefanya nini? Jibu lake lilikuja mwaka 1926, alipofungua ukumbi wake mwenyewe katika mtaa ule ule wa Emad el-Din. Ukumbi ukaitwa Sala Badia, yaani ukumbi wa Badia, kwa jina lake mwenyewe.

USIKU KWA BADIA

Aliyeingia Sala Badia hakukuta mwimbaji mmoja aliyeketi akaimba mpaka alfajiri kama ilivyokuwa desturi. Alikuta mambo mbalimbali yakifuatana: bendi, kisha mwimbaji, kisha mchekeshaji wa nyimbo za mzaha, kisha mchezo mfupi wa kuigiza, kisha wachezaji ngoma, wa Kiarabu na wa Kizungu. Mtindo huo aliuchukua katika kumbi za Ulaya, lakini roho yake aliiacha ya Kimisri. Mwenyewe alipanda jukwaani akiimba na kucheza na vitoazi vidogo vya vidoleni, ambavyo alijulikana sana kwa ustadi wa kuvipiga.

Na wateja wake walikuwa kina nani? Walikuwako mapasha na matajiri wa mashamba ya pamba. Walikuwako waandishi wa magazeti waliokuja kuchuma habari za kesho, wanasiasa waliogombana bungeni mchana na usiku wakakaa meza za jirani, na wanafunzi waliokusanya senti zao ili wapate kuingia hata mara moja. Walikuwako pia Wagiriki, Wataliana, Waarmenia na Mayahudi wa Kairo, maana mji ule wakati huo ulikuwa wa mataifa mengi, kama Mombasa yetu ilivyokuwa. Na Waingereza waliokuwa na majeshi yao Misri hawakukosa.

Lipo jambo moja ambalo wasomaji wetu wa kike watalielewa kuliko mimi. Badia alitenga alasiri moja katika kila juma iwe ya wanawake peke yao. Siku hiyo walikuja akina mama wa nyumba za heshima, na mabinti zao, ambao wasingethubutu kukanyaga pale usiku. Wakaketi, wakanywa chai, wakatazama, wakacheka bila kuogopa jicho la mwanamume. Hapa kwetu pia zilikuwako sinema za wanawake watupu, nazo zilijaa pomoni. Na chakacha ya harusini, yenye kiuno na vigelegele, imekuwa ikichezwa na wanawake mbele ya wanawake tangu zama za mabibi zetu. Badia alilijua hitaji hilo la wanawake kukaa na kufurahi peke yao, nalo lilimtia pesa na pia kumpa jina katika nyumba ambazo zisingemfungulia mlango.

Lakini nisifiche upande wa pili. Katika kumbi za Kairo za wakati ule ulikuwako utaratibu ulioitwa fath, maana yake kufungua. Msichana akimaliza kucheza hushuka akaketi na mteja, na kila chupa mteja anayoifungua msichana hupata fungu lake, na mwenye ukumbi hupata kubwa zaidi. Kwa hivyo ujira wa msichana ulitegemea pombe kuliko ngoma. Hilo lilikuwa doa la biashara ile, na wasichana wengi waliingia kwa ajili ya sanaa wakapotelea mezani.

MADRASA YA SANAA

Hata hivyo, ukiliacha hilo kando, utaona ya kwamba ukumbi ule ulikuwa madrasa. Kabla ya Badia, ngoma ya Kimisri ilichezwa zaidi katika harusi na nyumba za watu. Mchezaji husimama mahali padogo, akacheza kiuno na mabega bila kwenda mbali. Jukwaa la Badia lilikuwa pana, na aliona kuwa mchezaji akisimama mahali pamoja atapotea. Akawafundisha wasichana wake kutembea jukwaa zima, kunyosha mikono juu, kuingia na shela na kuitupa, na kucheza kwa makundi kwa hatua zilizopangwa. Akaongeza fidla na vyombo vingine katika bendi, akaweka taa za rangi. Mavazi ya vipande viwili yenye kumeta, ambayo baadaye dunia nzima iliyaona katika filamu, yalipata umaarufu katika kumbi kama ile. Filamu za Kimisri zilipoanza kutengenezwa kwa wingi katika miaka ya 1930, watengenezaji walijua pa kwenda kuwatafuta watu.

Tahia Carioca alitoka Ismailia akiwakimbia jamaa zake waliokuwa wakimtesa. Kwa Badia alicheza dansi ya Kibrazili iitwayo carioca, iliyojulikana baada ya filamu moja ya Marekani ya mwaka 1933, na jina la dansi likamganda mpaka kufa. Akawa mwigizaji mkubwa, na katika miaka ya 1950 akaonja hata jela kwa sababu ya siasa zake. Mwanachuoni wa Kipalestina, Edward Said, alimwona akicheza mwaka 1950, naye Said akiwa kijana wa miaka 14, na miaka 40 baadaye aliandika makala ya kumsifu.

Samia Gamal, binti wa watu maskini kutoka Beni Suef, alianza kama mmoja tu katika kundi la wachezaji. Inasimuliwa kwamba alipopewa nafasi ya kucheza peke yake aliingiwa na hofu hata miguu ikamshinda, akazomewa. Aliporudi tena alivua viatu vyake akacheza pekupeku, na tangu hapo pekupeku ikawa alama yake. Ismail Yassin alitoka Suez akitafuta kuwa mwimbaji, lakini kwa Badia ikaonekana kuwa Mungu alimjalia kuchekesha. Mohamed Fawzi, ambaye baadaye alitunga muziki wa wimbo wa taifa wa Algeria, naye alipita pale.

Na Farid al-Atrash? Yeye alikuwa mtoto wa ukoo wa watawala wa Kidruzi wa Syria. Mama yake alikimbilia Misri na watoto wake, pamoja na binti yake Asmahan ambaye pia alikuja kuwa mwimbaji mkubwa, wakaishi kwa dhiki. Kijana huyo wa ukoo mtukufu akaajiriwa kupiga udi kwa Badia. Baadaye yeye na Samia Gamal waliigiza pamoja katika filamu mashuhuri kama Habib al-Omr ya mwaka 1947 na Afrita Hanem ya mwaka 1949, na mapenzi yao yakajulikana na kila mtu. Lakini hakumwoa. Inasimuliwa ya kuwa Farid hakuweza kumchukua mchezaji ngoma awe mke katika ukoo wake, ingawa yeye mwenyewe alipata riziki katika ukumbi ule ule. Wanaume wengi waliompigia makofi Samia wangefanya vivyo hivyo.

VITA, DENI NA MOTO

Mwaka 1936 Badia alitaka kuwa mkubwa wa filamu pia. Akatengeneza filamu iliyoitwa Malikat al-Masarih, yaani malkia wa majukwaa, akatia pesa zake nyingi. Filamu haikupendwa, na hasara ikamwelemea. Mtu mwingine angefunga virago. Yeye akaanza upya, na mwaka 1940 akafungua Casino Opera katika uwanja wa Opera, jengo kubwa kuliko yote aliyowahi kumiliki. Alikuwa na ukumbi mwingine pia ukingoni mwa mto Nile, upande wa Giza, karibu na daraja lililoitwa la Waingereza. Watu wa Kairo wakaliacha jina la Waingereza, wakaliita Kubri Badia, daraja la Badia. Miaka mingi baadaye mahali hapo pakajengwa hoteli ya Sheraton.

Vita vya pili vya dunia vilipokuja, Kairo ilifurika askari wa Uingereza na wa makoloni yake. Pesa ziliingia kwa Badia kama maji. Lakini pesa za askari huja na ulevi na ugomvi, na Wamisri wengi walianza kuzitazama kumbi zile kwa jicho la chuki, kwamba ni mahali ambapo mtawala wa kigeni hustareheshwa wakati wenye nchi wakiteseka. Chuki hiyo haikumlenga Badia peke yake, lakini jina lake ndilo lililokuwa mlangoni.

Vita vilipokwisha, serikali ikamdai kodi kubwa ambayo hakuweza kuilipa. Karibu na mwaka 1950, naye amekwisha kuwa mtu mzima wa miaka karibu 60, aliuza ukumbi wake kwa Beba Ezz al-Din, ambaye zamani alikuwa mmoja wa wachezaji wake, akatoroka Misri kwa ndege mpaka Lebanon. Beba hakuifaidi mali hiyo, kwani alikufa katika ajali ya gari mwaka 1951.

Halafu ikaja siku ya Januari 26, 1952. Siku moja kabla yake, majeshi ya Uingereza yalikuwa yamewaua askari polisi wa Misri wapatao 50 huko Ismailia. Asubuhi ile watu walijaa mitaani Kairo kwa hasira. Walipofika Casino Opera walimkuta, kama inavyosimuliwa, ofisa mmoja wa polisi ameketi barazani na kinywaji pamoja na mwanamke wa ukumbi. Wakamuuliza vipi anastarehe na wenzake hawajazikwa. Yakazuka maneno, na ukumbi ukatiwa moto. Hilo ndilo lilikuwa jengo la kwanza kuungua siku ile, ambayo Wamisri wanaiita Jumamosi Nyeusi. Kufika usiku majengo yapatayo 700 yalikuwa yameharibiwa, na watu 26 wamekufa. Miezi sita baadaye, Mfalme Farouk akapinduliwa.

Badia hakuwako kuyaona. Alikuwa ameshanunua shamba Shtaura, katika bonde la Bekaa, kwenye barabara iendayo kutoka Beirut mpaka Damascus alikozaliwa. Akafuga ng'ombe, akafungua duka akauza maziwa, jibini na maziwa ya mgando kwa wasafiri. Wapo waliosimama kununua bila kujua kwamba bibi yule aliyekuwa dukani aliwahi kutikisa Kairo nzima. Alimsimulia mwandishi mmoja habari za maisha yake zikatolewa kitabu, na katika miaka ya 1960 aliitwa katika televisheni ya Lebanon akahojiwa. Alifariki mwaka 1974. Mwezi wa Disemba mwaka huo huo, Farid al-Atrash naye akafa mjini Beirut.

SISI NA YEYE

Sasa nirudi pwani. Taarab yetu ilichota Misri tangu enzi za Sultani Barghash wa Unguja. Katika miaka ya 1950, filamu za Kimisri na redio ya Kairo, ambayo ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1954, zilizidisha mapenzi hayo. Vikundi vya taarab vya Unguja vilijipanga kama bendi zilizoonekana katika filamu zile: safu ya fidla, kanuni, udi, nai, dumbaki na rika. Na sehemu ya waimbaji na wachezaji wa filamu hizo iliokotwa na kunolewa katika kumbi za Badia.

Ndiyo maana naona si haki kumtaja kwa jina moja tu la aibu. Pombe aliyoiuza ilikuwa haramu kwetu na itabaki haramu. Mabinti waliopotelea mezani mwake ni jambo la kusikitisha, wala nyimbo nzuri haziwezi kulifuta. Lakini yeye ndiye aliyemfungulia mlango Tahia aliyekimbia mateso, akamlea Samia aliyezomewa, akampa kazi Farid aliyekuwa na dhiki. Walitoka kwake na majina makubwa, na ulimwengu ukawapokea.

Hapa kwetu nimewaona mara nyingi waimbaji wakituzwa ukumbini mpaka noti zikawafunika kifua. Asubuhi yake, mwimbaji yule yule akipeleka posa, familia ile ile iliyomtuza humwambia kwamba binti yao bado mdogo. Na mwanamke mwimbaji hupata makubwa zaidi ya hayo, kwani hata akifa watu hunong'ona mazikoni. Wako wanaosema hivyo ndivyo mila inavyotaka. Basi kama mwimbaji hafai kuwa mkwe, tusimwite atuimbie katika harusi. Na kama twamwita, basi tumpe heshima mpaka nyumbani kwake.

Kubri Badia limebadilishwa jina likaitwa daraja la Galaa, neno lenye maana ya kuondoka, kwa kumbukumbu ya Waingereza kuondoka Misri.